Kichwa cha Chuma cha Ngazi: Habari ya Safari Yetu ya Horohoro

Wanachama wenzetu,

Katika mkutano wa kufunga msimu, wengi wenu mliuliza habari ya ile ngazi ya miguu mitatu iliyosimama mlangoni mwa ghala la Chama. Mlitaka kujua kichwa chake cha chuma kimetoka wapi, kimegharimu kiasi gani, na mbona vichwa vingine kumi vimelala nyuma ya ghala vikila kutu. Maswali yote matatu ni ya haki, kwani fedha zilizotumika ni zenu. Tumeona afadhali tuyajibu hapa kwa maandishi, wala hatutaficha pale tulipokosea. Kosa likielezwa vizuri laweza kumwokolea mwenzako fedha, na katika jambo hili laweza kumwokolea uhai.

KWA NINI TULITAKA NGAZI NYINGINE

Kila mwenye shamba ajua tabia ya mkarafuu. Mti mzima hufika mita 10 hata 15, na matawi yake ni mepesi kukatika. Iko miti ambayo tawi lake hupinda na kulia kabla ya kuvunjika, likampa mtu nafasi ya kushika penginepo. Tawi la mkarafuu halina huruma hiyo. Na mchumaji naye yumo juu, pakacha limemning'inia, mkono mmoja umeshika upembo na mwingine wachuma. Hakuna shehia ya karafuu katika kisiwa hiki isiyomjua mtu aliyeanguka. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar limewahi kutoa fidia kwa wachumaji walioumia, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini fidia haimrudishii mtu uti wa mgongo wake.

Ngazi tuliyoizoea, ya miti miwili, haikutatua jambo hili, kwa sababu huegemezwa juu ya tawi lile lile tunaloliogopa. Ngazi ya miguu mitatu hujisimamia yenyewe wala haitegemei tawi. Tena, vitu vya miguu mitatu havitetereki hata mahali penye mabonde mabonde, na hili mama zetu walilijua zamani: mafiga ni matatu, na chungu hutulia. Huko Japani na Marekani watunza bustani na wachuma matunda hutumia ngazi za namna hii miaka mingi.

Shida iko kichwani, pale miti mitatu inapokutana. Ukifunga kwa kamba, kamba hulegea. Ukipigilia misumari, mti hupasuka. Pahitaji kichwa cha chuma, chenye kushika miti miwili ya mbele na kuuachia mguu wa tatu ufunguke na kufungika. Kichwa cha namna hiyo hatukukiona dukani. Ilibidi kitengenezwe, na fedha za kukitengenezea zilikuwa chache.

KOSA LETU LA KWANZA

Tulikwenda kwenye karakana moja ya mjini. Hatuitaji jina, kwani kosa lilikuwa letu. Tulimweleza mwenye karakana kwa maneno matupu: twataka bamba la chuma, juu yake vipande viwili vya bomba vya kuingizia miti, na katikati bawaba ya kufungia mti wa tatu. Akauliza, "Bomba la kipimo gani?" Tukamjibu, "La kuingia mti wa ngazi." Akauliza, "Vingapi?" Kwa kuwa alitwambia kwamba ukichukua kumi bei ya kimoja hushuka, tukasema kumi, na tukaondoka tukijisifu kwa kubana matumizi.

Vichwa vilipokuja vilikuwa vizuri kwa macho, vimepakwa rangi nyekundu. Tulipovipeleka shambani ndipo tulipojua kwamba miti ya shambani haina kipimo kimoja. Bomba lilikuwa na upana wa sentimita 5 kwa ndani. Baadaye tulipima miti ya ngazi za wanachama ishirini, tukakuta iko ya sentimita 5 na iko ya sentimita 8. Mti mnene ilibidi uchongwe ncha ili uingie, na ukiuchonga waudhoofisha mahali pale pale penye mzigo. Zaidi ya hayo, mabomba yalichomelewa yakiwa sambamba, hali miti ya ngazi hupanuka kuelekea chini. Tulipoilazimisha miti iingie, mmoja ulipasuka mikononi mwetu.

Basi tulikuwa na kosa moja lililozidishwa mara kumi. Lau tungalitengenezesha kimoja tu, hata kwa bei ya juu, hasara ingalikuwa ndogo. Tulihesabu bei ya kichwa kimoja kimoja, tukasahau kuhesabu bei ya kukosea.

SAFARI YA HOROHORO

Fedha zilizobaki zilikuwa kidogo, na wako waliosema jambo hili liachwe. Mwenzetu mmoja ana mpwawe anayeendesha lori kati ya Tanga na Mombasa. Kijana huyo alimwambia mjomba wake kwamba pale Horohoro, mpakani, yuko fundi anayetengeneza vyuma vya malori kimoja kimoja, wala hamlazimishi mtu kuchukua vingi. Tukaona si vibaya kujaribu. Halmashauri ikatutuma watatu.

Tulivuka kwa boti mpaka Tanga, tukalala, na asubuhi tukashika barabara ya kaskazini. Horohoro iko wilaya ya Mkinga, kilomita kama 65 kutoka Tanga mjini, na barabara yake siku hizi ni ya lami. Ng'ambo ya mpaka ni Lunga Lunga, nchi ya Kenya. Wenyeji wa pande zote mbili wengi ni Wadigo, na mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano yao ya 1886, wao hawakuulizwa. Sisi hatukuvuka. Shughuli yetu yote ilikuwa upande wa Tanzania.

Hapa tuseme jambo moja la kuchekesha. Mtu wa Pemba akionekana barabara ya Horohoro na gunia, kila mtu hudhani amebeba karafuu za magendo. Njiani tulisimamishwa, na ofisa aliposikia lafudhi yetu akasema kwa adabu, "Wazee wangu, tufungueni gunia." Tukalifungua. Ndani mlikuwa na maboksi matupu, uzi, vipande vya miti ya ngazi, na kimoja katika vile vichwa vyekundu. Akatazama, akatutazama, akauliza kama kweli tumetoka kisiwani kuja kuuza maboksi. Tulimwonyesha barua ya Chama yenye mhuri, akacheka, akatuombea safari njema. Nanyi mkisafiri kwa shughuli kama hii, msiache barua.

Kibanda cha fundi kiko kando ya mahali yanaposimama malori. Ni nguzo nne na mabati, mashine ya kuchomelea, mashine ya kutobolea, jiliwa la kubania chuma, na rundo kubwa la springi za malori zilizovunjika. Fundi mwenyewe ni kijana, hajafika miaka 30. Alituamkia, "Shikamooni wazee wangu," tukamwitikia, akatupa viti. Tukamtolea kile kichwa chekundu tukamweleza kisa chake. Alikigeuza geuza, kisha akasema:

"Wazee wangu, leo sikati chuma. Chuma kina bei, boksi halina bei. Tukosee kwenye boksi mpaka makosa yapungue, ndipo tuwashe moto."

KUKOSEA KWA BOKSI NA KWA MBAO

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa mkasi, kalamu na karatasi ngumu ya maboksi. Tulilaza chini miti miwili kama inavyokuwa kwenye ngazi ya mita 4, juu ikiachana sentimita 25 na chini sentimita 120. Fundi akaweka boksi juu ya ncha za miti, akachora mstari kufuata kila mti. Mara moja ikaonekana kwamba kila mti wainamia nje kwa kadiri ya digrii 7. Kosa la mabomba sambamba, lililotugharimu vichwa kumi, lilionekana kwa kipande cha boksi.

Kisha akauliza, "Miti yenu yote ni unene huu?" Tukamwonyesha uzi tuliofunga mafundo, kila fundo mzingo wa mti wa mwanachama mmoja. Mzingo ukiugawa kwa 3.14 wapata upana wa mti. Alipoona tofauti akaweka bomba kando kabisa. Akasema badala ya bomba tutumie pete iliyokatwa kati: nusu moja imechomelewa kwenye bamba, nusu ya pili yafungwa juu yake kwa boliti mbili. Mti mwembamba utakazwa sana, mnene utakazwa kidogo, na ndani ya pete hutiwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu ili mti usiteleze. Hapo tulitazamana. Tulikuwa tumekaa na tatizo hilo msimu mzima.

Alasiri alichonga kichwa cha pili kwa mbao za kreti, kimekamilika na matundu yake, akakifunga kwenye miti kwa boliti za kweli. Mbao si chuma, wala haiwezi kukwambia chuma kitabeba kilo ngapi. Lakini huonyesha kama mkono utafika kwenye nati, kama mguu wa tatu utafunguka bila kugonga kipandio cha juu, na ni wapi pembamba. Tulipokaza boliti, mbao ilipasuka kutoka tundu mpaka ukingoni. Fundi alitueleza kwamba tundu lilikuwa karibu mno na ukingo, na hata kwenye chuma mahali hapo pangekuwa dhaifu. Kanuni yake ni hii: kutoka katikati ya tundu mpaka ukingo wa chuma pawe angalau mara moja na nusu ya unene wa boliti. Kwa boliti ya milimita 12 ni milimita 18. Sisi tulikuwa tumechora 10.

Siku moja ilikwisha, makosa matatu yakawa yameonekana, na tulikuwa hatujanunua chuma hata kidogo.

KOSA LETU LA PILI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo twaona haya kulisimulia, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Asubuhi ya pili fundi alituambia twende dukani tukanunue kipande cha bamba la chuma la kawaida, unene wa milimita 6. Sisi macho yetu yalikuwa kwenye lile rundo la springi. Tukamwambia, "Kijana, ya nini kununua? Springi hizi zimebeba lori la tani nyingi, zitashindwa na mchumaji mmoja?" Akajibu kwa upole, "Wazee wangu, sisi springi huzifunga kwa boliti, hatuzichomelei." Mmoja wetu akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Hakuna chuma kigumu kuliko hiki. Chomelea." Kijana akainamisha kichwa. "Haya, wazee wangu."

Akachomelea. Kazi ilikuwa safi, na kichwa kilipopoa kililia kama kengele. Mzee huyo huyo, mwenye kilo zaidi ya 80, alikwisha vua viatu apande. Hapo fundi hakukubali. Alisimama mbele ya ngazi akasema mtu hapandi kitu kisichopandwa na mchanga. Wakajazwa mchanga magunia, yakapimwa kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi jirani, kila gunia kilo 50, yakatundikwa kwenye kipandio cha juu moja moja. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu lilipokaa, tulisikia mlio mmoja mkavu, kwa!, na mguu wa tatu ukaenda upande wake.

Tulipokitazama kichwa, mahali penyewe palipochomelewa palikuwa pazima. Ufa ulipita pembeni, kama upana wa ukucha kutoka hapo, umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Fundi akatueleza, na maelezo yake ni ya kweli na yanafaa kukumbukwa. Chuma cha springi kina kaboni nyingi, kadiri ya sehemu 5 au 6 katika kila 1,000, hali chuma laini cha kawaida huwa na chini ya 3. Kaboni hiyo ndiyo inayokipa ugumu. Ukikichomelea, sehemu iliyo kando hupata moto mkali kisha hupoa ghafla, kwani chuma kilichobaki ni baridi, na hapo hugeuka kuwa kama kioo: kigumu sana, lakini hakipindi, huvunjika. Wanaojua kukichomelea hukipasha moto kwanza na kukipoza polepole kwa muda mrefu, na hata hivyo huogopa. Chuma laini hakina ubishi huo. Kikielemewa hupinda kwanza, nawe huona.

Tukamwuliza, "Mbona hukutwambia?" Akasema, "Niliwaambia, lakini nyinyi ni wazee wangu."

Hatukuwa na la kujibu. Kijana alikuwa amesema mara moja kwa heshima, nasi tukatumia heshima ile ile kumnyamazisha. Tufikirini kidogo, wanachama. Gunia la tatu lilitimiza kilo 150. Mzee wetu angepanda siku ile, huenda angeshuka salama. Tungekirudisha Pemba kwa furaha, tukatengeneza ishirini mfano wake, na ufa ungekuwa unakua taratibu katika shamba la mmoja wenu mpaka siku yake ifike. Magunia matatu ya mchanga ndiyo yaliyotuzuilia msiba huo, pamoja na kijana aliyekataa kutii mara ya pili.

KICHWA KILICHOFAA

Tukanunua bamba alilolitaka tangu mwanzo. Hapo pia tulipata funzo dogo. Boliti tulinunua duka moja na nati duka la pili, zikakataana, kwani boliti zilikuwa za nusu inchi na nati za milimita 12. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa macho huoni tofauti, lakini mkono huiona. Nunueni boliti na nati pamoja, na mzijaribu pale pale dukani.

Kichwa kilichofaa ni hivi. Bamba lina urefu wa sentimita 35, upana 12, unene milimita 6. Pete nne za nusu nusu, mbili kwa kila mti, zimepindwa kwa chuma bapa cha upana wa milimita 40 na unene wa milimita 5, zimeelekezwa nje kwa digrii 7. Katikati yana masikio mawili, na boliti ya milimita 16 yapita ndani yake kushika mguu wa tatu. Chote ni chuma laini, na kila tundu limekaa mbali na ukingo.

Magunia manne, kilo 200, yalitundikwa tangu magharibi mpaka alfajiri. Hakikulia wala hakikupinda. Ndipo fundi alipopanda yeye wa kwanza, kisha akamwambia mzee wetu, "Sasa karibu, baba." Mzee akavua viatu tena, safari hii bila maneno.

Kazi haikwishia Horohoro. Tulipofika nyumbani tukaijaribu ngazi kwenye shamba lenye utelezi baada ya mvua, na mguu wa tatu ukawa unateleza nje. Kichwa hakikuwa na kosa, bali udongo wetu si kama sakafu ya kibanda cha fundi. Tukaongeza mnyororo kutoka kipandio cha chini mpaka mguu wa tatu, usifunguke kupita kiasi, na kisahani cha chuma chenye ncha chini ya kila mguu. Hayo yalifanywa na fundi wa hapa hapa kisiwani. Wachumaji watatu wameitumia ngazi hiyo tangu hapo, nasi hukikagua kichwa kila Ijumaa.

HESABU

Katika kila shilingi 10 tulizotumia tangu mwanzo mpaka mwisho, shilingi 6 ziliingia katika vile vichwa kumi visivyofaa. Shilingi 2 zilikwenda kwa nauli na chakula. Shilingi 1 ilikuwa ya ufundi wote wa Horohoro, pamoja na kile kilichopasuka. Shilingi 1 ya mwisho ilinunua bamba, chuma bapa, boliti na mnyororo. Yaani kujaribu mara nne, kwa boksi, kwa mbao na mara mbili kwa chuma, kuligharimu kidogo kuliko kuagiza mara moja kwa haraka. Vile vichwa vyekundu havitatupwa. Tumekubaliana vikatwe, na bamba zake zitumike kwa visahani vya miguu.

Tanga yenyewe ina kisa cha zamani cha kuanza na kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa, ikatazamwa, ikazaa mingine, na kutokana na hiyo yalitoka mashamba yaliyoifanya nchi hii ijulikane ulimwenguni kwa mkonge. Hatusemi kichwa chetu cha ngazi ni mkonge. Twasema tu kwamba kitu kidogo kilicho hai chafaa kuliko vingi vilivyokufa.

MAMBO YA KUSHIKA

Mwanachama akitaka kutengenezesha kitu cha chuma kisichouzwa dukani, iwe ni kichwa cha ngazi, kipuri cha mashine au kigoe cha upembo, na ayakumbuke haya:

1. Usimpelekee fundi maneno. Mpelekee kitu chenyewe kitakachoungana na chuma hicho, na vipimo kwa milimita vilivyoandikwa kwenye karatasi.

2. Agiza kimoja. Anayekwambia kumi ni rahisi anasema kweli, lakini kumi ni rahisi baada ya kimoja kufaa.

3. Anza na boksi, kisha mbao, ndipo chuma. Kila kimoja kina maswali yake: boksi hujibu habari ya umbo, mbao hujibu habari ya mikono na nafasi, chuma hujibu habari ya nguvu.

4. Chuma kigumu si lazima kiwe chuma kinachofaa. Kitakachochomelewa na kubeba mtu kiwe chuma laini, kipya, si springi.

5. Mchanga upande kabla ya mtu. Pima magunia kwa mizani, tundika angalau mara mbili ya uzito wa mchumaji na pakacha lake, na uache usiku kucha.

6. Mwulize fundi, "Ungekuwa wewe ndiye unayepanda, ungefanyaje?" Kisha nyamaza umsikilize, hata akiwa ni mdogo kuliko mwanao.

Kwa walio na fikira zao wenyewe, ziko pia njia nyingine karibu nasi. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina kituo Vitongoji, hapa Pemba, penye walimu wa ufundi wa chuma. Na kwa anayevuka kwenda Tanga, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi yake mkoani humo, na kazi yake ni kuwashauri watu wa viwanda vidogo. Kuuliza si kununua.

Yabaki ya kusema kweli juu ya ngazi yenyewe. Urefu wake ni mita 4. Yafaa kwa mikarafuu michanga na kwa matawi ya chini ya mikubwa. Haimfikishi mtu kileleni mwa mti wa mita 12, na yeyote asidhani kwamba hatari ya kupanda imekwisha. Juu ya hapo kamba ya kujifungia bado ni lazima, na mtoto haruhusiwi kabisa.

Halmashauri imekubali vitengenezwe vichwa sita kabla ya msimu ujao, kimoja kwa kila tawi la Chama, na kila kimoja kitatundikwa magunia manne mbele ya wanachama wa tawi hilo kabla ya kukabidhiwa. Twawaomba kila mmoja apime miti ya ngazi yake kwa uzi, afunge fundo, na amletee katibu wa tawi uzi huo wenye jina lake. Msituletee maneno, tuleteeni uzi.

Yule kijana wa Horohoro tumemwandikia barua ya shukrani kwa mhuri wa Chama. Mzee wetu wa kilo 80 ndiye aliyeomba aiandike kwa mkono wake.